Sura ya Nne: Kivuli Kabla ya Rangi

Huko Normandy, kiangazi cha mwaka 1944, kifaru ambacho Waingereza walikitegemea kutoboa deraya ya kifaru cha Kijerumani cha Tiger kilikuwa Sherman Firefly. Kiwiliwili chake kilitoka Marekani, mzinga wake wa ratili 17 ulikuwa wa Kiingereza, na mtutu wa mzinga huo ulikuwa na urefu wa zaidi ya mita nne. Urefu huo ndio uliokiponza. Wapiga mizinga wa Kijerumani walijifunza kuutafuta mtutu mrefu katika kundi la vifaru na kuanza na chenye mtutu huo, maana Sherman za kawaida zingeweza kungoja. Wanajeshi wa Firefly wakajitetea kwa kopo la rangi. Nusu ya mbele ya mtutu waliipaka nyeupe upande wa chini, ukingo wa weupe huo ukienda kwa mawimbi, na upande wa juu wakauacha na kijani chake kizito. Kwa mbali nusu hiyo ilipotea machoni, mtutu ukaonekana mfupi.

Weupe ulifanya kazi kwa sababu uliua kivuli. Mwanga hutoka juu. Kitu cha mviringo chenye rangi moja huonekana kimeng'aa mgongoni na kimefifia tumboni, na tofauti hiyo ndiyo inayoliambia jicho kwamba kitu kina unene. Ukipaka tumbo rangi nyepesi na mgongo rangi nzito, mwanga na rangi vinafutana, kitu kinakuwa bapa. Mchoraji wa Kimarekani Abbott Thayer aliieleza kanuni hii mwaka 1896, baada ya kuwatazama sana ndege na wanyama. Aliyepita Serengeti au Tsavo ameiona bila kufundishwa: swala granti ana mgongo wa hudhurungi na tumbo jeupe, na akitulia kwenye nyasi kavu mchana kati unaweza kumpita usimwone. Hugh Cott, mtaalamu wa wanyama wa Kiingereza ambaye baadaye alikuja kuchunguza mamba wa Uganda, aliipeleka kanuni hiyo jeshini. Mwaka 1940 aliupaka mzinga mkubwa wa reli giza juu na weupe chini, ukapigwa picha kutoka angani pamoja na mwenzake uliopakwa kwa mtindo wa kawaida. Ule wa kawaida ulionekana waziwazi. Wa Cott ulihitaji kutafutwa.

Jeshi, basi, lilipaka rangi ili kivuli kife. Anayetengeneza kifaru kidogo cha mchezo wa vita wa mezani anapaka rangi ili kivuli kirudi. Ndiyo maana nimeziweka praima na kivuli cha kutanguliza katika sura moja, na nimezipa nafasi kubwa kuliko kijani chenyewe. Kijani ni rahisi. Kinachoamua kama kifaru kitakuwa na uzito mezani au kitabaki kipande cha plastiki ni kile kilicholala chini yake.

Tuichukue Firefly hiyohiyo, katika kipimo cha 1:56, ndicho kipimo cha vifaru vingi vya mchezo wa Bolt Action uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 2012. Firefly Vc ilijengwa juu ya Sherman ya aina ya M4A4, ambayo kiwiliwili chake kilizidi kidogo urefu wa mita 6. Mezani kinakuwa kitu cha sentimeta 10.8 hivi. Mtutu ule uliowatia watu hofu unakuwa sentimeta 7 na nusu. Na ufa wa sentimeta moja kati ya bamba na bamba unakuwa chini ya milimita 0.2. Sasa mkumbuke mchezaji. Amesimama, macho yake yako kama mita moja kutoka kwenye kifaru. Kwa umbali huo jicho zima la binadamu linakoma kutenganisha vitu vikishapungua milimita 0.3 hivi, kwa hiyo ufa ule kwake haupo. Juu yake kuna taa ya chumbani ambayo mwanga wake unagonga dari na kuta, unarudi kutoka kila upande, na kuvijaza vivuli ambavyo jua la kiangazi lingeviacha vyeusi.

Hapa natofautiana na wengi wanaofundisha ufundi huu. Watengenezaji wa ndege ndogo wamezoea kutanguliza kivuli kwa kupuliza mstari mweusi juu ya kila mshono wa mabati, na kwa ndege hilo lina maana yake, maana ndege imefunikwa na mishono kuanzia pua hadi mkia. Wengi wameuhamishia mtindo huo kwenye vifaru bila kuuliza. M4A4 ni mabamba makubwa yaliyochomelewa. Mishono yake ni michache. Na zidisha ile mita moja mara 56: mchezaji anakitazama kifaru kana kwamba kiko mita 56 mbele yake. Ukisimama mbali hivyo na kifaru cha kweli juani, huoni mshono. Unaona giza chini ya mbavu za kiwiliwili zinazoning'inia juu ya minyororo. Unaona giza nyuma ya magurudumu, giza chini ya ngao ya mzinga, na giza chini ya lile sanduku la deraya lililoongezwa nyuma ya kichwa cha Firefly, ambamo redio ilihamishiwa kwa kuwa mzinga mpya ulihitaji nafasi ya kurudi nyuma kila unapofyatuliwa. Hivyo ndivyo vivuli vya kutanguliza kwenye kifaru cha mchezo. Achana na mistari, fuata maumbo.

Kabla ya hayo yote kuna maji na sabuni. Vipande vya rezini hutoka kiwandani vikiwa na mabaki ya mafuta yaliyopakwa kwenye kalibu ili visigande humo, na vya plastiki vina mafuta ya vidole vyako mwenyewe tangu ulipoanza kuviunganisha. Vioshe kwa maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki laini, kisha viache usiku kucha. Maji hujificha nyuma ya magurudumu, na tone likitoka katikati ya praima litaacha doa ambalo hakuna rangi itakayolificha.

Usigandishe kichwa kwenye kiwiliwili. Kichwa kishike kwa kijiti kilichochomekwa kwenye tundu lake la chini, na kiwiliwili kikae juu ya kifuniko cha chupa au kipande cha mbao ili ukizungushe bila kukigusa. Kama kifaru chako kinaruhusu, magurudumu na minyororo nayo yangoje pembeni.

Polistirini, ambayo ndiyo plastiki ya vifaru vingi vya aina hii, ni nyororo na haina vinyweleo. Rangi ya akriliki ya maji itatandaa juu yake na kukauka vizuri tu, lakini ukucha utaiambua. Kwa kifaru cha maonyesho hilo linavumilika, kwa sababu kinaishi kabatini. Cha mchezo kinashikwa na watu wawili watatu jioni moja, kinasukumwa juu ya meza, kinadondokewa na dadu na kurudishwa sandukuni kikigongana na wenzake. Praima inang'ang'ania plastiki upande wa chini na kuipa rangi mahali pa kung'ang'ania upande wa juu. Tena inaunganisha macho: plastiki ya kijivu, rezini ya njano, puti nyeupe na waya wa shaba vyote vinakuwa ngozi moja, na kasoro ambayo hukuiona inajitokeza. Mafundi rangi wa magari hawahitaji kuelezwa haya. Hakuna fundi wa maana Gerezani au Kirinyaga Road anayepiga rangi juu ya bati tupu.

Kwa sababu hiyo wengi wetu hukimbilia praima ya magari, ambayo ni rahisi kuipata kuliko ile ya duka la vifaa vya ufundi huu. Ya kopo la kupuliza inaweza kufaa, ila ijaribu kwanza kwenye fremu iliyobaki baada ya kukata vipande, kwa kuwa baadhi ya tina zake huila polistirini ikipigwa nzito. Ile ya kuchanganya na kigandishi, yaani ya makopo mawili, usiilete nyumbani kabisa. Kigandishi chake huwa na aisosaineti, kemikali inayoharibu mapafu na kuweza kumwachia mtu pumu ya maisha. Hata kwa kopo la kawaida, barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa tina. Tafuta yenye vichujio vya kaboni, na upulizie nje au penye hewa inayotoka.

Rangi ya praima kwa kazi hii iwe nyeusi. Kijivu kinaonyesha kasoro vizuri zaidi, na ukiwa na rezini yenye matundu unaweza kuanza nacho, ukaziba, ukapiga msasa laini, kisha ukapita na nyeusi. Lakini mwisho uwe mweusi, kwa sababu kifaru kina pembe ambazo rangi yako haitazifikia tena: nyuma ya chemchemi za magurudumu, ndani ya matundu ya bomba la moshi, chini ya vifuniko. Pembe iliyokosa rangi ikabaki nyeusi inasomeka kuwa kivuli. Ikibaki ya kijivu au nyeupe, jicho linaikimbilia kabla ya kuona kitu kingine.

Anza na tumbo. Geuza kifaru miguu juu, piga chini na nyuma ya magurudumu, subiri, kisha kigeuze. Tikisa kopo dakika mbili nzima. Mkono utachoka kabla ya rangi kuchanganyika, endelea. Shika kopo sentimeta 20 hadi 25 kutoka kwenye kifaru, anza kubonyeza ukiwa umeelekeza pembeni, pita juu ya kifaru bila kusimama, achia ukishavuka upande wa pili. Mkono wa kwanza wa rangi uache plastiki ikionekana madoadoa. Baada ya dakika kumi au kumi na tano, wa pili. Mara nyingi wa tatu unamaliza. Kiinamie karibu na dirisha utazame safu ya bolti zilizounganisha vipande vitatu vya pua ya M4A4. Kila kichwa cha bolti kinapaswa kusimama peke yake, kikiwa na ukingo mkali. Bolti zikianza kuonekana zimekaa kwenye dimbwi linalong'aa, umepiga nzito, na rangi hiyo ikikauka itazizika. Bora kuifuta mara moja kwa kitambaa chenye tina inayofaa kwa rangi hiyo na isiyodhuru plastiki, kisha kuanza upya.

Wakazi wa pwani wana jambo lao la kuongezea. Tina inapovukiza hupoza uso wa rangi, na hewa ya Mombasa au Tanga ikiwa imejaa unyevu, maji yake hutua juu ya rangi mbichi na kuacha utando mweupe. Alfajiri, wakati ambao wengi huuchagua kwa sababu ya ubaridi, ndio unyevu uko juu kabisa. Ngojea mchana, kaa kivulini, na wakati wa masika chagua siku ambayo hata nguo zinakauka kambani. Mchana nao una adhabu yake: joto hukausha matone yakiwa bado hewani, yakafika kwenye kifaru yakiwa vumbi, na uso ukawa na mikwaruzo mfano wa msasa. Dawa yake ni kusogea, sentimeta 15 hadi 18, na kupita haraka zaidi.

Sasa kifaru ni cheusi tii, na kazi ninayoipenda kuliko zote inaanza. Zima taa zote isipokuwa moja. Kiweke kifaru chini ya taa hiyo, iwe juu yake moja kwa moja, ukipige picha kwa simu kutoka mbele, ubavuni na juu. Iangalie picha. Sehemu zilizoshika mwanga ndizo zitakazopata rangi nyepesi: paa la kichwa, mgongo wa mtutu, bamba la mbele lililolala, kingo za juu za mbavu, vifuniko. Sehemu zilizobaki nyeusi ziache. Ramani yako ya kivuli imechorwa na mwanga wenyewe, na hutakuwa na haja ya kukisia.

Brashi ya hewa yenye nozeli ya milimita 0.3 inatosha. Weka kompresa kwenye psi 15 hadi 20, changanya rangi mpaka iwe nyepesi mfano wa maziwa, ijaribu kwenye karatasi. Kwanza kijivu cha kati, ukipuliza kutoka juu kwa mshazari wa nyuzi 45, ukikizunguka kifaru. Kisha nyeupe iliyotiwa tone la hudhurungi, safari hii kutoka juu moja kwa moja na kwa uchache. Nyeupe tupu naikwepa: inakipa kijani ubaridi ambao hauna nafasi kwenye gari lililokuwa likipita mashamba ya ngano ya Ufaransa mwezi wa Agosti. Ukiona umezidisha, rudi na nyeusi kwa karibu, sentimeta 2 au 3, na psi 12 hivi, urudishe giza chini ya ngao na chini ya mbavu. Ukungu wa nyeusi ukitambaa kidogo juu ya bamba, uache. Vivuli vya kweli havina ukingo wa wembe.

Asiye na brashi ya hewa anaweza kufika karibu na hapo kwa makopo mawili, la nyeusi na la kijivu chepesi. Lile la kijivu alipige kutoka juu tu, mipulizo mifupi, kwa umbali wa sentimeta 30.

Kichwa kinahitaji fikra ya peke yake, kwa sababu mezani kinazunguka. Kwenye kifaru cha maonyesho unaweza kupaka kivuli cha sanduku la redio pale hasa kinapoangukia, juu ya bamba la injini. Kwenye mchezo, zamu ijayo mzinga utageukia kulia na kivuli hicho kitabaki nyuma kikiwa hakina mwenyewe. Kwa hiyo juu ya kiwiliwili kipige kivuli cha duara, kikizunguka tundu la kichwa sawasawa, kiishie umbali wa sanduku. Kichwa chenyewe kipate mwanga wa juu tu, bila upande mmoja kuzidi mwingine.

Mtutu nao ni bomba refu, na mgongo wake unastahili mstari mwembamba wa nyepesi kuanzia kwenye ngao hadi mdomoni, tumbo likibaki jeusi. Ukitaka kuuweka ule weupe wa mwaka 1944, usiuchanganye na hatua hii. Malizia mtutu mzima ukiwa na kivuli chake, kisha baada ya kijani kukauka ndipo upake weupe wa mawimbi kwa brashi ya mkono, ukitumia rangi ya mfupa iliyochafuliwa kidogo. Weupe safi juu ya kitu kidogo hivi utauvuta mtutu mbele badala ya kuuficha.

Kijani sasa. Waingereza walikuwa wameachana na hudhurungi yao na kuhamia kijani cha zeituni mwaka huohuo wa 1944, na kopo lenye jina hilo litakupa rangi sahihi ambayo mezani itaonekana nzito mno. Ipunguze uzito kwa rangi ya mchanga, tone kwa tone. Ipunguze pia kwa tina yake kuliko ulivyozoea, ili mkono mmoja peke yake usifunike kitu. Mkono wa kwanza utakukatisha tamaa: kifaru kitaonekana kijivu chenye uchafu wa kijani. Wa pili unaanza kukusanya rangi. Kati ya mikono, weka brashi chini, simama, kitazame kwa mita moja chini ya taa ileile utakayochezea. Rangi ikiwa mbichi inadanganya, kwa hiyo ingoje ipoteze mng'ao kabla ya kuamua.

Pa kuachia ni mapema kuliko mkono unavyotaka. Mtu anayejifunza hupiga mpaka kijani kiwe sawa kila mahali, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa kupaka ukuta au mlango, na kwa mkono huo wa mwisho hufuta kazi yote ya jioni. Simama pale ambapo chini ya mbavu bado kuna weusi unaopenya, paa la kichwa limechangamka, na katikati ya bamba la ubavu kijani kinapita kutoka kimoja hadi kingine bila kuonyesha mpaka. Ukishikilia kifaru karibu na pua, tofauti itaonekana imezidi. Irudishe mezani. Bado kuna mkono wa rangi ya majimaji ya hudhurungi utakaoingia kwenye pembe, kuna vumbi na tope la minyororo, kuna vanishi isiyong'aa ya kukilinda na vidole. Majimaji na vanishi vitapunguza mwanga wa kijani na kuvileta vivuli na nuru karibu zaidi. Kifaru kilichotoka kwenye hatua hii kikiwa kimepoa kitamaliza safari kikiwa kimezimika, na kilichotoka kikiwa na tofauti kali kitafika mahali pake.

Kiache saa 24 kabla ya kubandika nyota nyeupe na namba za kikosi. Praima za akriliki zenye poliuretani huonekana zimekauka kwa dakika chache, lakini ndani bado ni laini, na ukikibana kifaru mapema kwa vidole utaivua ngozi nzima pamoja na kijani chake, kuanzia kwenye ukingo wa mbavu, mahali ambapo kila mchezaji hukishika.